Msimu Ambao Jezi Yako Haikuchafuka

Bordesley Green, Birmingham
Machi 2019

Rashid, ndugu yangu,

Ni vigumu kumwandikia mtu ambaye hawezi kunikatiza. Ulikuwa unanikatiza kila mara. "Warya, fupisha," ulikuwa ukisema, ukiniita kwa Kisomali chako, na mimi ndiyo kwanza nafungua mdomo. Leo nitasema yote, hata yale ambayo yatakukera huko uliko.

Nianze na habari. Mazoezi yameanza tena. Uwanja ni uleule, nyuma ya Kings Heath, na mbwa wa watu bado wanakatiza katikati ya mchezo na hakuna anayewakemea. Kwotabeki wetu, mrushaji wa mpira mahali pako, sasa ni Tom, yule fundi bomba. Ana mkono mzuri lakini hana subira. Ule ukuta wa watu watano wanaomkinga ukitikiswa kidogo tu anautupa mpira popote, kisha anageuka kutafuta wa kulaumu. Kocha anamwambia, "Rashid alikuwa akisubiri." Kila Jumapili Rashid alikuwa hivi, Rashid alikuwa vile. Namwonea huruma Tom. Kushindana na mtu aliyekufa ni kazi ngumu.

Ile kafe ya Alum Rock Road tulikokuwa tukinywa chai imepata mwenyewe mpya. Chai sasa inakuja na maziwa pembeni. Nimeacha kwenda.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya chai. Nimekuwa mtu wa kushuku, Rashid. Tangu siku tuliyokuzika nashuku kila kitu, nashuku hata watu wanaonipa pole.

Siku ile tulisimama nyuma, sisi wa timu, majitu makubwa yasiyojua yaweke wapi mikono. Waislamu wenzako walikusalia, kisha wakatuachia nasi tutie udongo. Patrice, Mkongo wetu wa ukuta, alichukua sepetu akawa anatia udongo kama anayeokoa mtu, si kama anayezika. Alipomaliza alinijia, udongo umemjaa mpaka kwenye viwiko, macho mekundu. Akaniambia, "Tulijaribu, ndugu. Saison yote tulijaribu."

Darnell, naye wa timu, akamgusa mkono. Akamgusa tu, na Patrice akafunga mdomo, akatazama viatu vyake.

Wengine hawakuona. Mimi niliona. Watu wa nyumbani kwako walikuwa wametuambia kwamba ni uvimbe kichwani, na kwamba umekwenda haraka. Haraka ndilo neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu. Sasa kama ni haraka, Patrice alijaribu nini msimu mzima?

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Mwende, "Kuna kitu hawa watu wanakijua." Mwende akasema, "Baba Mutua, umefiwa. Kula kwanza." Nilikula. Lakini tangu usiku ule nilianza kuurudia ule msimu, mchezo mmoja baada ya mwingine, na kila nilipoushika ulikuwa na shimo.

Unakumbuka tulivyokutana? Kiwanda cha breki pale Saltley. Mashine imenibana kidole, nikaitukana kwa Kiswahili nikidhani hakuna anayeelewa, na wewe ukatokea nyuma yangu unacheka. Mtoto wa Eastleigh kule Nairobi, umepitia Ujerumani miaka kadhaa, na huko Ujerumani wafanyakazi wenzako wakakufundisha mpira wa Wamarekani, huu wa helmeti na mabega ya plastiki ambao nyumbani nikiueleza watu wanafikiri natania. Ulinitazama miguu kabla hujanitazama uso. Jumapili iliyofuata nilikuwa uwanjani. Nikakimbia. Ukaniambia, "Una miguu, huna akili. Akili nitakuwa nayo mimi."

Na ukawa nayo kweli. Nikisimama pembeni kushoto, mpira ukianza nafunga macho nakimbia, nikifungua upo mikononi mwangu. Tulikula miaka hivyo. Nilijua ukitaka kurusha mbali kwa jinsi ulivyoweka bega. Sikuwa na ndugu wa kiume, Rashid. Sikukwambia hili, lakini nadhani ulijua.

Halafu ukaanza kuzeeka. Umekaribia arobaini, na ule msimu wa kabla ya mwisho waliokuwa wakivunja ukuta walikuangusha mpaka nikawa nafumba macho. Ulitoka kila mchezo na matope mgongoni, majani kwenye helmeti. Watu wakaanza kunong'ona. Hata kocha alinong'ona.

Kisha ukaja msimu wa mwisho, ile 2018 ya jua kali, nyasi zimekuwa njano, bendera za Uingereza kwenye kila dirisha kwa sababu ya Kombe la Dunia. Na wewe ukawa kijana. Hivyo ndivyo walivyosema wote: mzee amerudi ujana. Mpira ukikufikia umeshautoa, mfupi, safi, unampata mtu kifuani. Hukuanguka. Msimu mzima jezi yako haikuchafuka. Tukimaliza ungedhani wewe ndiye uliyekuja kutazama.

Kila mtu alisifu mkono wako. Mimi nilikuwa nimesimama kushoto, nikaona mambo mengine.

Niliona kwamba mpira wote ulikwenda kulia. Nilikimbia kushoto wiki baada ya wiki, nikageuka, nikanyoosha mikono, na wewe umeshampa mtu mwingine. Hukunitazama hata kwa bahati mbaya.

Niliona Darnell. Yule Darnell aliyekuwa akiishi kwa kukimbia na mpira, aliyekuwa akinuna usipompa, msimu ule aliacha kukimbia. Alisimama kwenye bega lako la kushoto kama askari wa benki, anagonga yeyote anayepita, kisha anarudi palepale. Hakulalamika. Darnell!

Na Patrice, mlinzi wako wa kushoto. Kabla mpira haujaanza alikuwa akikusemesha kwa Kiswahili, maana timu za huku hazikielewi. "Wawili! Wawili kushoto!" Au, "Iko moja, anakuya!" Nilimsikia vizuri kabisa. Nikadhani ni alama mpya za siri, mmezipanga bila mimi, na mimi ndiye wa tatu pale uwanjani anayejua lugha hiyo. Nilimuuliza. Akanijibu, "Ni mambo ya ukuta tu, Kioko." Alijibu upesi mno.

Tena uliacha kuendesha gari. Uliniambia liko gereji. Gari gani linalokaa gereji kuanzia Machi mpaka Agosti? Miaka yote nilikwenda mazoezini kwenye gari lako, miguu yangu juu ya mabegi. Sasa Patrice akawa anakuchukua, na gari la Patrice, eti, limejaa.

Ungekuwa mimi ungefikiri nini? Nilifikiri umenigeuka. Nilifikiri kuna mpango wa kunitoa, kwamba kocha amepata mkimbiaji mwingine na nyinyi mmekubali, na mnaona aibu kuniambia. Basi nikaanza kupiga kelele. "Rashid! Huku! Nipo huku!" Kila mpira ulipoanza. Wapinzani walinicheka. Na baada ya ule mchezo wa Juni nilikufuata kwenye maegesho, nikakwambia mbele ya watu, "Ulisema utakuwa akili yangu. Hiyo akili imenisahau?"

Uligeuka taratibu, ukazunguka mwili mzima mpaka ukanikabili. Nilidhani ni dharau. Ukatabasamu. Ukasema, "Endelea kupiga kelele, warya. Usinyamaze." Nilikwenda nyumbani na hasira ya wiki nzima.

Mchezo wa mwisho tulifungwa, hilo unalijua. Lakini kabla hatujafungwa kulitokea jambo ambalo sikulielewa. Ukuta ulivunjika upande wa kulia, mara ya kwanza msimu ule. Darnell alikimbilia huko. Wewe ulikuwa umetazama kulia, kichwa, kifua, kila kitu. Nami nikapiga kelele kama kawaida yangu, kwa hasira tu, "Huku!" Na bila kugeuka, Rashid, bila kugeuza hata kidevu, ukarusha kushoto. Mpira ulikuja juu, ukayumba kidogo, ukaniangukia mikononi. Nikakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Nilipogeuka kukuonyesha, ulikuwa umesimama unauliza kitu, na Patrice anakuinamia anakwambia, na wewe ukanyanyua mikono juu. Ulishangilia ulipoambiwa. Hilo nalo nikaliweka moyoni pamoja na mengine.

Baada ya mazishi nikaanza kuuliza. Nilimfuata Darnell kinyozini kwake, High Street kule Kings Heath, nikakaa kwenye kiti nikajifanya nataka kunyolewa. Akanifunga kitambaa shingoni, akaanza kunyoa. Nikamuuliza kupitia kioo, "Mlijaribu nini?" Akasema, "Muulize Patrice." Nikasema nakuuliza wewe. Akazima mashine, akanitazama. "Kioko, mimi niliahidi. Muulize Patrice."

Patrice, unajua, anasukuma vitanda pale hospitali kubwa. Nilimngoja mchana kituo cha basi, zamu yake ilipokwisha. Aliponiona hakushangaa. Alikaa kwenye lile benchi la chuma, likalia.

"Bon," akasema. "Mi nilimukuta Rashid mu koridori, yeye na bibi yake. Walikuwa batoka ku skani. Bibi alikuwa analia, yeye alikuwa anacheka. Akanishika mukono: Patrice, usiambie mutu."

Hapo ndipo nilipojua. Mwezi wa pili, kabla hata msimu haujaanza. Uvimbe ulikuwa umekalia mshipa wa jicho, na upande wa kushoto ulikuwa huoni. Si kwamba uliona vibaya. Hukuona. Madaktari walikwambia hawataweza kuutoa wote. Wakakwambia usiendeshe gari, usipigwe kichwa, usigongwe na mtu. Ukawasikiliza vizuri, kisha ukamwambia Patrice unataka msimu mmoja.

"Nikakatala," Patrice akasema. "Mara tatu nikakatala. Alafu bibi yake njo alinipigia simu."

Wakapanga. Wale watano wa ukuta na Darnell. Hakuna mtu atakayekugusa. Yeyote atakayekukaribia apite kwanza juu yao. Darnell atakaa kushoto kwako. Patrice atakuwa jicho, atakuhesabia kwa Kiswahili watu usiowaona. Kocha asijue, maana angekukalisha nje siku hiyohiyo.

"Na mimi?" nikauliza.

Patrice akatazama basi lililokuwa linakuja, halikuwa lake. "Wewe, alisema hapana."

Nitakwambia ukweli: sikumwamini. Nilimtazama yule mtu mkubwa nikawaza, huyu anajisafisha. Mtu mgonjwa wa kichwa mnamtia kwenye mchezo wa kugongana, halafu mnaniambia mkewe ndiye aliyetaka? Mke gani? Niliona jinsi ilivyokuwa: wamekutumia kwa sababu bila wewe hatuna timu. Wamekubeba vizuri hata hakuna aliyejua unaanguka, na mtu asiyeonekana anaanguka hapelekwi hospitali. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, "Mmemuua kwa kumsaidia." Akainuka, akaondoka kwa miguu, akaliacha hata basi lake. Hatukusemeshana tena.

Ilibaki kumuuliza Hodan. Lakini alikuwa kwenye eda, na mimi si mtu wa kwenda kumuuliza mjane wa rafiki yangu maneno ya namna hiyo akiwa edani. Nikangoja. Kungoja na shaka ni kama kukaa na jiwe kwenye kiatu. Nilikuwa mkali kazini, nilikuwa mkali nyumbani. Mwende aliacha kuniuliza nina nini.

Eda ilipokwisha tulikwenda, mimi na Mwende. Hodan alituandalia chai ya viungo na mahamri. Amekonda, lakini sauti yake ni ileile. Wanao walisalimia kwa Kiingereza wakapanda juu. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Shemeji, ulikubali acheze?"

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini.

"Mimi ndiye niliyempigia Patrice," akasema. "Nilikataa kwanza. Nikamfungia viatu kabatini. Akakaa pale unapokaa wewe, wiki nzima, anatazama ukuta. Hakulia, hakula. Nikaona huyu atakufa kabla ya kufa. Nikampigia Patrice nikamwambia, acheze, lakini akirudi kwangu na tone la tope nitakutafuta wewe. Kila Jumapili alipoingia nilimgeuza mgongo nikamkagua kama mtoto wa shule. Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa mgonjwa, shemeji. Jumapili alikuwa Rashid."

Nikamuuliza kama mpira ndio uliokuchukua mapema. Akasema alimuuliza daktari hilohilo, kwa hofu yake mwenyewe, na daktari akamwambia hapana. Hukugongwa. Uvimbe ulikuwa na safari yake.

Mwende alinigusa goti niache. Lakini lilikuwa limebaki moja, na wewe unajua ni lipi.

"Kwa nini mimi hakuniambia?"

Hodan akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Nilimuuliza. Akasema: Kioko akijua atanihurumia, na akinihurumia atanyamaza. Upande ule ni giza, Hodan. Sauti yake ndiyo inayoniambia uwanja unaishia wapi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za mlango wako, mvua nyembamba inanyesha, nikalia vile ambavyo sikulia makaburini.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Watu walisifu mkono wako, na mkono kweli ulikuwa wako. Lakini macho yalikuwa ya Patrice, bega lilikuwa la Darnell, na wale wengine walilala chini ili wewe usilale. Sijawahi kuona mchezaji mzuri kama ulivyokuwa msimu ule, na sasa najua nilikuwa natazama watu saba.

Ila sikuombi msamaha kwa kelele zangu, maana ulizitaka. Na usidhani hasira imeniisha. Wenzangu walikuaga Jumapili baada ya Jumapili, wakijua. Mimi nilikuwa nagombana nawe kwenye maegesho. Ungeniachia hata mchezo mmoja nikijua, mmoja tu, ningepiga kelele vilevile. Ningejikaza. Au nisingeweza? Sijui. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba huenda ulikuwa sahihi.

Halafu njiani kurudi Mwende akaniambia, "Au labda walijua tu huwezi kuweka siri. Sherehe ya kumshtukiza dada yangu, nani alimwambia?" Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Inawezekana Hodan alinipa jibu la kunifariji, na la kweli ni hilo la Mwende. Nimelizungusha kichwani mpaka leo. Nimeamua kuishi na lile la Hodan, lakini nakwambia wazi kwamba sijalifunga lile jingine.

Jumapili iliyopita nilikwenda mazoezini mapema ili nimkute Patrice peke yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nikamkuta anafunga viatu, nikamwambia, "Nisamehe kwa lile neno la kituo cha basi." Akasema, "Ulikuwa unamulilia." Akanipa mkono nimvute ainuke, na nikamvuta.

Ndipo nilipoona. Alipoinuka alikunja uso. Akaenda kwenye nafasi yake akichechemea, goti la kulia, na alipoona namtazama akanyoosha mguu akatembea vizuri kwa nguvu. Nikamuuliza. "Ni baridi tu," akasema. Alijibu upesi mno.

Simwamini, Rashid. Baridi gani inayovimbisha goti? Na kila mtu pale alitazama pembeni, Darnell wa kwanza. Safari hii hawanipati.

Pumzika, ndugu yangu. Mola wako akupe nuru pande zote mbili. Hodan na watoto hawatakosa mtu wa kubisha mlango wao, hilo Mwende ameshalichukua, na Mwende akichukua jambo unajua lilivyo. Langu mimi ni hili: kesho zamu ya Patrice inaisha saa nane mchana. Nitakuwa kituo cha basi kabla yake, na sitoki kwenye lile benchi mpaka aniambie ukweli na tuingie naye pamoja ndani ya hospitali yake, apande yeye kitanda na mimi nisukume.

Kwaheri, Rashid.

Ni mimi wako wa kushoto,
Kioko